Dodoso za ubora wa maisha: watu wanavyodhani na ukweli wenyewe

Ukiingia kijiji chochote huku Chamwino au Bahi, mkoani Dodoma, na dodoso mkononi, watu wanadhani umekuja kuandikisha kaya za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kwa hiyo mtu anaanza kukwambia hana kuku, hana shamba, nyumba inavuja. Hapana jamani, dodoso la ubora wa maisha halihesabu kuku wala bati. Shirika la Afya Duniani (WHO) wenyewe wanasema ubora wa maisha ni vile mtu anavyoyaona maisha yake, kwa mila zake na malengo yake, ndo maana dodoso lao fupi la maswali 26 linauliza unaridhika kiasi gani na usingizi wako, na ndugu na marafiki, unajisikia salama, hela inakutosha, na unajibu kwa 1 mpaka 5.

Sasa dhana mbaya kuliko zote kwangu ni hii, eti mgonjwa au mlemavu lazima maisha yake ni mabovu kwa hiyo mtoto wake amjibie tu. Utasikia "bibi kateseka sana huyu, andika moja", na bibi kakaa palepale anasikia! Mpe shikamoo yake, muulize yeye. Tafiti zimeonyesha watu wengi tu wenye ulemavu mkubwa wanasema maisha yao ni mazuri, na ndugu akimjibia mtu anaweza kupatia yale ya kuonekana kama kutembea au kuoga, ila ya moyoni ndo anakosea sana. Kumjibia mtu ni pale ambapo kweli hawezi kujieleza, na iandikwe wazi kwamba kajibiwa.

Wengine wanadhani maswali yakishatafsiriwa kazi imeisha. SF-36, dodoso jingine la afya lenye maswali 36 kutoka Marekani, inauliza kama afya inakuzuia kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu, wakati mama wa Mpwapwa kazi yake ni ndoo ya maji kichwani na mzigo wa kuni. Kiswahili chake kilijaribiwa Dar es Salaam na matokeo yakachapishwa 1999, kazi nzuri sana ile, lakini mzee anayeongea Chigogo tu mdadisi anamtafsiria papohapo kila mmoja kivyake, mwishowe kila mzee kaulizwa swali lake.

Na hakuna kufaulu wala kufeli. Dodoso la WHO linatoa alama nne tofauti, ya mwili, ya nafsi, ya mahusiano na ya mazingira, na maswali matatu (maumivu, kutegemea matibabu, huzuni) 5 yake ndo mbaya kwahiyo unayageuza (5 inakuwa 1) kabla hujajumlisha, hili linasahaulika mno.

La mwisho, jibu si la mwaka mzima. Wanauliza wiki mbili zilizopita tu, na huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, mwezi wa pili ghala tupu na mtama bado uko shambani, mwezi wa sita watu wameshavuna. Mradi ukiuliza mwezi wa pili halafu ukarudi wa sita ukasema umeboresha maisha, hapo umepima mavuno. Rudini mwezi uleule mliokuja mwanzo.