"Instil" sio "teach" jamani

Nimesahihisha insha za fomu foo hapa Tabora wiki hii nikakutana nayo tena, "the teacher instilled us the topic yesterday". Kijana nikamuuliza, akanijibu, "Mwalimu, si maana yake kufundisha tu?" Nimelisikia hili mara nyingi mno, leo naliandika.

Stilla kwa Kilatini ni tone. Instil ni kuingiza tone tone, ndo maana hata dawa ya macho inainstiliwa, tone moja moja kwenye jicho. Watu wa Tabora mnajua asali ikichujwa, masega yamepondwa yapo kwenye kitambaa juu ya ndoo, ukisimama hapo unaona kama hakuna kinachoendelea, ukirudi jioni ndoo imefika nusu. Hiyo ndo instil. Haifanyiki jana kipindi cha pili.

Ila kinachoniudhi zaidi ni mpangilio, na nadhani Kiswahili chetu ndo kinatuponza. Sisi tunasema kumtia mtoto adabu, mtoto anatangulia, adabu inafuata, basi. Kiingereza kinataka kile kinachodondoka kitangulie: "instil discipline in the child", au into. Ukiandika "instil the child with discipline" mtoto ndo amekuwa tone, yeye ndo anadondoshwa! Ukitaka mtoto atangulie chukua "imbue", "imbue the child with discipline", na hilo ni kulowesha mpaka ikolee, kama ukindu uliolala kwenye rangi.

"Inculcate" lina kisigino ndani yake, kukanyagia, kurudia rudia mpaka kitu kishike, kama tulivyoimba tebo darasani. "Infuse" ni kumiminia. Spelingi: Uingereza l moja, Marekani mbili, ila instilled ni mbili kote.

Tafsiri ndo bado inanisumbua. Kutia hakuna ule utaratibu wa tone tone, mtu anakutia hofu kwa sekunde moja, na Waingereza wenyewe wanasema "instil fear" hata hofu ikiingia ghafla, kwa hiyo lile tone limeshaanza kukauka hata kwao. Kupandikiza nako masikioni mwangu kunaleta chuki, maana ndo tunavyolitumia kila siku, kupandikiza chuki. Mara nyingi naishia kuandika "kumjengea mtoto nidhamu", tone linapotea ila ule muda unabaki. Mwenye neno la Kiswahili ambalo bado lina tone ndani yake aniandikie hapo chini, nalihitaji kweli.