Arobaini ya Noeli: namna ya kuvuka Januari bila imani kupoa

Kila Januari wachungaji na makatekista wa hapa Mombasa hulalamika jambo lile lile: waliojaza kanisa 25 Desemba na kukesha 31 Desemba hawaonekani ikifika Jumapili ya pili ya mwezi. Lawama huangukia uvivu, au karo, au joto la kaskazi. Mimi naiweka kwenye hesabu. Tumezoea Krismasi kuwa siku moja inayofungwa kwa pilau, kisha mwaka unaanza na maazimio mapya kana kwamba hakuna kilichotangulia. Imani inatakiwa ianze upya kutoka sifuri, tena katika mwezi ambao watu wenyewe wameubatiza Njaanuari.

Hesabu ya Kanisa ni nyingine. Ukichukua 25 Desemba kuwa siku ya kwanza, siku ya arobaini ni 2 Februari, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni. Habari yake iko Luka 2:22-40, na Luka naye anafuata torati ya Walawi 12: aliyejifungua mtoto wa kiume hukaa siku saba, kisha thelathini na tatu, ndipo aende hekaluni. Pwani jambo hili halihitaji maelezo marefu. Mzazi wetu hukaa arobaini. Anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, na hakuna anayemtarajia siku ya pili awe sokoni Kongowea. Noeli nayo naishauri itunzwe hivyo hivyo, mpaka arobaini itimie.

Ndani ya siku hizo mna vituo. 26 Desemba ni Mtakatifu Stefano, shahidi wa kwanza (siku ambayo Mombasa nzima iko ufuoni Pirates, na sina ugomvi na hilo). 28 Desemba ni watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. 1 Januari ni siku ya nane, Yesu anapotahiriwa na kupewa jina, Luka 2:21. Wakatoliki humwadhimisha Maria Mama wa Mungu. Epifania, sikukuu ya mamajusi waliomjia Yesu, ni 6 Januari, na inapohamishiwa Jumapili, mwaka 2026 inaangukia tarehe 4, kisha Ubatizo wa Bwana tarehe 11. Makanisa mengi ya Kipentekoste hayafuati kalenda hii. Si neno; mpango ufuatao unakwenda hata bila sikukuu.

Kuanzia 25 Desemba hadi 4 Januari, siku 11, someni Luka 1 na 2. Jumla ni aya 132, yaani kumi na mbili kwa siku, ila msikate kwa hesabu; kateni pale kisa kinapoisha. Tarehe 5 Januari anzeni Mathayo, ambayo ndiyo Injili ya Jumapili nyingi za mwaka 2026 kwa Wakatoliki, na pia kwa Waanglikana na Wamethodisti wanaofuata mzunguko wa masomo wa miaka mitatu. Mathayo ina sura 28. Sura moja kila siku inawafikisha 1 Februari, na tarehe 2 mnasoma habari ya Simeoni na Ana. Aliyechelewa asijute, aingie hapo tarehe 5.

Najua wengi wataka Biblia nzima kwa mwaka. Sura ni 1,189. Ukisoma tatu kila siku na tano Jumapili, unamaliza. Shida ni mahali mwendo huo unapokwamia. Mwanzo ina visa, inakimbia. Kutoka nayo inakimbia mpaka sura ya 25, yanapoanza maagizo ya hema, na mbao, vitanzi na mapazia yake. Kwa mwendo huo utaifikia sura hiyo kama tarehe 23 Januari, ukiwa umechoka na mfuko mtupu, na mbele yako iko Walawi. Siku tatu ukizikosa una deni la sura tisa, au kumi na moja Jumapili ikiwemo. Sura ya wastani ikisomwa kwa sauti huchukua dakika nne hivi, kwa hiyo unatakiwa kupata dakika kama arobaini za ziada jioni moja. Huzipati. Mpango unafia hapo, na mtu anaamini imani yake ndiyo iliyokufa.

Sala ya nyumbani ndiyo yenye kazi kubwa zaidi. Dakika kumi na mbili zatosha: Zaburi fupi, somo kwa sauti, kimya cha dakika moja kamili (mtu aangalie saa, maana bila saa kimya cha dakika moja huisha baada ya sekunde kumi), kila mmoja aseme sentensi moja tu juu ya somo, maombi kwa kutaja watu kwa majina, Baba Yetu, basi. Wakati wake ni muhimu kuliko urefu wake. Baada ya chakula cha usiku haifai, watoto wanasinzia. Saa moja kasorobo jioni inafaa nyumba nyingi kwa sababu taarifa ya habari ya Kiswahili haijaanza na runinga inazimika bila vita. Kwa anayefanya shifti bandarini, au anayewahi feri ya Likoni, alfajiri ni bora. Adhana ikisikika, karibu saa kumi na moja, amka nayo.

Vinavyoharibu navijua: baba kugeuza sentensi yake kuwa mahubiri, simu inayosomewa Biblia kupokea ujumbe katikati ya aya, na kijana wa miaka kumi na tano kuitwa asikilize tu. Mpeni huyo kijana kusoma na kushika saa. Mkiwasha mshumaa, usimamisheni kwenye glasi yenye mchanga, mbali na pazia. Feni na upepo wa kaskazi haviachi mwali utulie. Na tawi la mvinje lililopambwa tangu Krismasi litolewe likikauka, hata kama arobaini haijatimia.

Kuhusu kesha, tahadhari moja. Saa sita usiku, ngoma zikipigwa, watu hutamka ahadi za fedha ambazo mfuko wao hauzijui. Mhubiri 5 inaonya kwamba heri asiyeweka nadhiri kuliko anayeiweka asiiondoe. Ngojeni karo, sare na kodi zilipwe, ndipo mwandike kiasi. Shilingi 200 kila Jumapili ni 10,400 kwa mwaka, na zinatoka. Elfu kumi iliyotamkwa kwa kelele mara nyingi inabaki madeni. Wamethodisti, waliofika Ribe mwaka 1862, wana utaratibu ninaoupenda zaidi: Ibada ya Agano, iliyoanzishwa na John Wesley mwaka 1755 na ambayo kwa desturi hufanywa mwanzo wa mwaka. Humo mtu hatangazi atakachopata. Anajikabidhi kwa Mungu, apewe kazi au awekwe kando.

Wanaofunga siku 21 za Januari, kunyweni maji. Joto hili si la kujaribia. Kichwa kinachouma siku mbili za kwanza mara nyingi ni chai mliyoiacha ghafla, kwa hiyo ipunguzeni siku kadhaa kabla. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari au anayemeza dawa za presha aulize kliniki kwanza, na mchungaji asimfanye aone haya.

Wakatoliki wanaoandika 20+C+M+B+26 juu ya mlango siku ya Epifania, kifupi cha maneno ya Kilatini ya kuomba Kristo aibariki nyumba hii, watumie chaki ya kawaida. Mwenye nyumba hatakuwa na neno.

Baada ya 2 Februari msiache pengo. Jumatano ya Majivu, mwanzo wa Kwaresima, mwaka 2026 ni 18 Februari, na Ramadhani ya majirani zetu inaanza wiki hiyo hiyo, basi mtaa mzima utakuwa katika kufunga. Agano Jipya lina sura 260; mkishamaliza Mathayo zinabaki 232. Anzeni Marko 1 Jumanne, 3 Februari, sura moja kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa tu. Jumamosi ni ya kupumua, Jumapili mtasomewa kanisani. Mtafika Ufunuo 22 Jumatano, 23 Desemba. Jioni moja kaeni na penseli, andikeni tarehe pembeni mwa kila sura. Mkikosa siku, au wiki nzima, msirudi nyuma kulipa. Fungueni sura yenye tarehe ya leo.