Khajur pak ni nini, na ile "bila sukari" maana yake nini hasa

Ukipita kwenye duka la mithai la Wahindi, Mombasa au Dar es Salaam, Diwali inapokaribia, angalia ndani ya kabati la kioo. Pembeni ya barfi nyeupe na jalebi zinazong'aa kwa shira, kuna vipande vya duara vya kahawia iliyoiva, vina madoa meupe na ya kijani kama sakafu ya terazo. Hiyo ndiyo khajur pak, na mara nyingi ina kibandiko cha "bila sukari". Khajur ni tende. Pak, kwa Wagujarati, ni kitamutamu kilichopikwa mpaka kikashikana. Wapo wanaoiita barfi ya tende, na ukiifinyanga vidonge badala ya kuikata inakuwa ladu, neno ambalo watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa. Barfi nayo imetokana na Kiajemi, barf, yaani theluji, kwa sababu barfi yenyewe ni ya maziwa na ni nyeupe. Ya tende haina weupe wowote, ila jina imerithi.

Hapa pana neno moja linalowachanganya watu. Mapishi ya Kihindi yanaposema "matunda makavu", usikimbilie maembe yaliyoanikwa. Wao husema meva, na ndani yake wanatia tende, tini na zabibu kavu pamoja na lozi, pista na korosho. Korosho wanaiita kaju, na Kiswahili nacho kina kanju na mkanju. Si ajabu: Wareno waliutoa mti huo Brazil wakaufikisha India na pwani yetu katika karne ya 16, jina likasafiri pamoja na mbegu.

Watu wengi leo huiona khajur pak kama mtindo mpya wa wanaopunguza mwili. Sivyo. Kule Gujarat, magharibi mwa India, ni kitu cha majira ya baridi, kinakaa kundi moja na adadiya ya unga wa choroko nyeusi na gundar pak inayotiwa gundi ya mti. Vililiwa ili mtu apate joto na nguvu. Kupungua hakukuwa kwenye hesabu.

Kinachoitofautisha na mithai nyingine ni kile kinachoishikanisha. Barfi nyingi husimama kwa shira, na shira ina masharti: unaipika, unachukua tone kati ya kidole gumba na cha shahada, unavitenganisha polepole uone kama uzi mmoja unavutika. Ukiwahi kuipua, barfi haigandi. Ukichelewa, inakuwa jiwe. Khajur pak haina mtihani huo. Tende yenyewe ndiyo shira, tayari imepikwa na jua. Ikipata moto inalegea, samli inaizuia isigande kwenye sufuria, ikipoa inazikumbatia njugu zote, yaani korosho, lozi na pista. Ndiyo maana hata mtu asiyejua kupika kitamutamu chochote anaweza kuanza na hii.

Kwa kiasi kidogo cha nyumbani, chukua gramu 250 za tende laini, uzito wa baada ya kutoa kokwa. Pasua kila moja kwa mkono, hata zile za pakiti iliyoandikwa kwamba hazina kokwa; mimi nilizimwaga tu siku moja, na mgeni ndiye aliyegundua, kwa jino. Korosho, lozi na pista zifike kama gramu 150 kwa jumla. Zikaange kavu kwa moto mdogo mpaka zinukie, kisha zikatekate kwa kisu. Mashine haraka huzisaga mpaka zitoe mafuta, na hapo utapata uji mzito, si kitu cha kutafuna.

Weka kijiko kimoja cha mezani cha samli kwenye sufuria, tia tende, zisonge kwa mwiko kwa dakika nne au tano hivi. Zikianza kujikusanya na kuachana na sufuria, basi, zimetosha. Zikikaa sana motoni zitakuja kung'ang'ania meno. Tia njugu na iliki nne zilizotwangwa, changanya. Ikipoa kiasi cha kushikika, paka mikono samli, viringa mche mnene kama mpini wa jembe, ugaragaze kwenye ufuta. Wahindi wengi hutumia khaskhas, mbegu za mmea unaotoa kasumba, lakini kwa msomaji aliye Dubai ufuta ni salama zaidi, maana mbegu hizo huko ni marufuku. Funga kwa karatasi ya kuokea, weka kwenye friji saa moja au zaidi, ndipo ukate kwa kisu kikali. Vipande 20 vitatoka.

Sasa turudi kwenye kibandiko cha "bila sukari". Maana yake ni kwamba hakuna sukari iliyoongezwa, basi. Theluthi mbili hivi za uzito wa tende ni sukari, kwa hiyo gramu 250 zimebeba kama 165. Gawa kwa 20: kila kipande kina gramu nane, vijiko viwili vya chai. Kaju katli, ile barfi bapa ya korosho inayosemwa vibaya, mara nyingi hupikwa kwa sukari nusu ya uzito wa korosho, na kwa uzito uleule inaweza kuwa na sukari kidogo kuliko hii yetu ya "afya". Sifa ya khajur pak iko kwingine: nyuzinyuzi, gramu saba au nane katika kila gramu 100 za tende, na njugu zinazokushibisha upesi. Vipande viwili vinatosha. Vya tano na sita ni ulafi tu. Mwenye kisukari aihesabu kama anavyohesabu kitamutamu kingine chochote.

Kwenye chombo chenye mfuniko hukaa wiki moja nje, kwenye friji zaidi ya hapo. Nyumbani kwangu huliwa kwa kahawa chungu, mahali pa halua, na mimi hukata vyembamba kuliko vya dukani.