Hapana, sikuja kwenye kampuni kupumzika

Swali la wapi mwanasheria kijana aanzie kazi limekuja tena wiki hii. Kijana kamaliza kusomea sheria, ana akili zake, anaandika vizuri, ananitumia meseji: "Dada, mi nimeamua nianzie moja kwa moja kama mwanasheria muajiriwa wa kampuni, ofisi za mawakili naskia zinaua watu, nataka kazi ya kutulia." Simlaumu, hiyo stori kapewa na wakubwa. Patna, yaani mawakili wenye ofisi yao, wanaisema, walimu wanaisema, hata mawakili wenzangu tukikutana kwenye shughuli lazima atokee mmoja aniulize "vipi, kustaafu kunaendaje?" alafu acheke peke yake. Eti sheria yenyewe iko kwenye ofisi ya mawakili, na ukichoka, au ukizaa, au upatna ukikupita pembeni, ndo unahamia kampuni ukapitie mikataba miwili asubuhi na jioni mapema uko kwako.

Nimekaa pande zote mbili, saivi niko ndani ya kampuni, na nshachoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa, atakayeuliza tena namtumia linki.

Masaa tuyamalize haraka. Kwenye ofisi ya mawakili ni mengi kweli, ila kinachochosha zaidi ni kule kuhesabiwa. Siku yako inakatwa vipande vya dakika 6, kila kipande 0.1 ya saa, na kila kimoja unakitolea maelezo: "kupitia imeli ya mteja na kujibu, 0.2". Mwaka 1958 chama cha mawakili cha Marekani, ABA, kilitoa kijitabu kikipendekeza wakili alenge masaa 1,300 ya kumlipisha mteja kwa mwaka. Saivi kwenye ofisi kubwa za kule ukiwaambia 1,300 watakuuliza kama unaumwa, maana wenzako wanadaiwa 1,900, 2,000 na kuendelea, na hayo ni yale yanayoingia kwenye bili tu. Vikao, kujisomea, kumsubiri patna amalize simu, hayo yote ni sadaka.

Kwenye kampuni taimushiti hamna, na hapo ndo watu wanashangilia. Sasa jiulize, kama hakuna anayehesabu masaa yako, nani atajua umezidiwa? Kule saa lako ni hela ya patna, lazima alione. Huku wewe ni gharama, idara ya fedha inakuona kwenye safu ya matumizi pamoja na umeme, na kwa kuwa hakuna anayelipia kukuuliza swali, basi unaulizwa kila kitu. Nimeshaombwa kupitia tangazo la nafasi ya kazi, kadi ya mwaliko, na ugomvi wa nani apaki wapi. Kuna miezi natoka mapema, kuna miezi ya kufunga dili ambayo siijui familia yangu. Wastani ni afadhali kidogo kuliko kule, nakubali, ila "kutulia" ni neno la mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye hiki kiti siku wakaguzi wameingia na bosi yuko kwenye ndege.

Mshahara pia nitaupita. Mwanzoni ofisi kubwa ya mawakili kwa kawaida inakulipa zaidi, na huko juu patna anagawana faida, ila patna ni mwenye mali na mwenye mali anabeba na hasara. Dewey & LeBoeuf ya New York, ofisi kubwa ya mawakili, ilipofilisika 2012, waliokuwa patna wake kwa mamia walikubali kurudisha sehemu ya hela walizokwisha kulipwa ili wasiandamwe na madai. Mimi mshahara wangu haujawahi kurudishwa na mtu.

Tuje kwenye kazi yenyewe sasa. Jioni, watu wanafunga kompyuta, mkuu wa mauzo anatuma faili la kurasa arobaini na kitu: "Wakili, cheki chapchap, mteja anasaini kesho asubuhi, ni templeti yao ya kawaida, hamna kitu." Nafungua. Kifungu cha 14, sisi tunamfidia mteja kwa hasara yoyote ile itakayotokana na huduma yetu. Nashuka mpaka kifungu cha 22, naona ukomo wa dhima, yaani kiwango cha juu tunachoweza kudaiwa, umewekwa vizuri kabisa, alafu sentensi ya mwisho inasema ukomo huo hauhusu kifungu cha 14. Yaani ukomo upo ila hauna kazi.

Nilipokuwa kule nje, kwenye ofisi ya mawakili, hii ningeiandikia barua safi. Hatari ya kwanza, ya pili, ya tatu, kesi za kuunga mkono, na mwishoni ile sentensi yetu sote: "tunashauri mtafakari kwa kuzingatia maslahi yenu ya kibiashara." Bili inaenda, jalada linafungwa. Fundi akishapaua anachukua chake anaondoka, wewe ndo unalala humo mvua ikinyesha. Huku ndani hakuna anayetaka barua, wanataka nisaini au nisisaini, na ili nijibu inabidi nijue vitu ambavyo haviko kwenye kitabu chochote cha sheria: bima yetu inafika wapi, hiyo huduma huwa inaharibika mara ngapi, huyu mteja analipa au anazungusha, na mkuu wa mauzo keshamuahidi nini kwenye simu ambacho hajaniambia (kuna kitu, kila siku kuna kitu). Alafu naamua, tuseme dhima isiwe na ukomo kwa madai ya watu wa nje kwamba tumeiba kazi yao, kwingine kote iishie kwenye malipo ya mwaka mmoja ya huo mkataba, na nampigia wakili wao usiku huohuo. Madai yakija baada ya miaka miwili, anayeitwa kueleza ni mimi, kwenye chumba kilekile na watu walewale. Sasa mtu akiniambia hiyo sio sheria, hiyo ni kupitia makaratasi, naomba anioneshe sheria ilipo.

Lakini sijafika kwenye kinachonikera haswa, ambacho ni ile kauli ya "huko rahisi, una mteja mmoja tu."

Haya, mteja mmoja. Ni nani? Bosi aliyeniajiri? Bodi? Wenye hisa? Kitabuni jibu ni mstari mmoja, mteja ni kampuni. Vizuri, ila kampuni haina mdomo, inaongea kupitia watu, na kuna siku hao watu ndo tatizo. Kwenye kesi ya Upjohn, kampuni ya dawa ya Marekani, 1981, mwanasheria mkuu wa kampuni alikuwa amewatumia mameneja dodoso kuhusu malipo yaliyotolewa kwa maofisa wa serikali za nje, watoza kodi wakayataka majibu, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema yale mazungumzo yanalindwa, yaani kampuni hailazimiki kuyatoa, hata kama aliyejibu sio mkubwa. Watu wanaishia hapo kusoma, wanafurahi. Sehemu ya kukuumiza kichwa ni kwamba ulinzi ni wa kampuni, meneja hana chake humo, kesho kampuni ikiamua kufungua siri anaachwa nje. Kwa hiyo kabla sijamhoji mfanyakazi mwenzangu, ambaye jana tumecheka pamoja kwenye lifti, inabidi nimwambie usoni: mimi sio wakili wako, ukitaka wakili tafuta wako. Jaribu uone anavyokuangalia. Wakili wa nje akimwambia hivyo ni utaratibu, nikimwambia mimi ni usaliti, na Jumatatu bado tuna kikao cha bajeti.

Na bosi akiwa ndo mhusika? Baada ya kashfa ya mahesabu ya kampuni ya Enron, Marekani walitunga sheria ya Sarbanes-Oxley mwaka 2002, na kifungu chake cha 307 ndo kilizaa kanuni kwamba wakili anayehudumia kampuni iliyoko soko la hisa akiona ushahidi wa ukiukaji mzito aupeleke kwa mwanasheria mkuu wa kampuni, au kwake pamoja na mtendaji mkuu, wasipochukua hatua inayoeleweka apande mpaka kwenye kamati ya bodi. Kwenye slaidi za mafunzo ni mishale mitatu inayopanda. Katika maisha ni wewe, mkopo wako wa nyumba, na mtu anayesaini tathmini yako ya mwaka. Patna wa nje mteja akimzingua anaweza kumuacha, atalia na mapato lakini ana wateja wengine. Mimi nikimuacha mteja wangu, nimeacha kazi.

Alafu kuna hii ya siri. Wengi wenu mnadhani ukishamweka mwanasheria kwenye imeli basi imeli inakuwa siri. Watu wa mauzo wananiweka kwenye kopi kama hirizi. Kwanza hata kwenye nchi zinazotulinda sisi wa ndani, mfano Uingereza na Marekani, kinacholindwa ni ushauri wa kisheria, na imeli ya bei haigeuki ushauri wa kisheria kwa sababu jina langu lipo. Pili, sio kote tunalindwa. Februari 2003 wakaguzi wa Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, waliingia kwenye ofisi za kampuni za kemikali za Akzo Nobel na Akcros kule Manchester, na kati ya makaratasi yaliyogombaniwa kulikuwa na imeli mbili kati ya meneja na mwanasheria wa ndani, mtu aliyesajiliwa kabisa kama wakili Uholanzi. Mwaka 2010 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema, kama ilivyoelekea tangu kesi ya AM&S ya 1982, kwamba kwenye uchunguzi wa Kamisheni kuhusu ushindani wa kibiashara imeli hizo hazilindwi. Sababu? Mwanasheria wa ndani ni muajiriwa, anategemea kampuni kiuchumi, hivyo hana uhuru wa kulingana na wa nje.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliwaka. Kwani patna ambaye nusu ya mapato ya ofisi yake yanatoka kwa mteja mmoja, yeye anamtegemea nani? Huyo atamwambia huyo mteja "hapana" kwa sauti gani? Bado naamini hapo majaji walipita juujuu. Ila hasira ikipoa nakiri kuna kitu walikiona. Naijua hatari ya wastani nikiiona katikati ya mwaka navyoiandika, na sina hakika naiandika kwa wino uleule mwezi ambao kampuni inafunga mahesabu na bonasi zinasubiri, ikiwemo yangu. Hakuna semina ya maadili iliyowahi kunitibu hilo wasiwasi.

Jingine linalonisumbua ni makali. Kule nje nilikuwa na wenzangu wa kunisahihisha, patna anachora rasimu yako nyekundu mpaka unajiuliza kama ulisoma. Huku nikikosea kifungu hakuna wa kuniambia, wote wananiita "wakili msomi" wanapita. Ndo maana ule ushauri wa kizee, anza ofisi ya mawakili miaka michache ndo uhame, siutupi, japo nimeona waliofanya kinyume na ni wazuri kuliko mimi. Walichofanana ni kwamba walikuta juu yao mwanasheria mwingine mkali, hawakuwa peke yao kwenye idara.

Kwa hiyo mdogo wangu, kama kampuni imeshakuita kwenye intavyuu, achana na swali la mnatoka saa ngapi. Uliza mwanasheria anaripoti kwa nani, na kama ni kwa mkuu wa fedha uliza ana njia ya kufika kwenye bodi bila kumpitia. Uliza nani ana mamlaka ya kumfukuza. Uliza bajeti ya mawakili wa nje anaishika nani, maana likikuzidi utahitaji kununua msaada bila kupiga magoti. Na uliza aliyekuwepo kabla yako aliondoka kwa nini, wakianza kutazamana mtafute mwenyewe umsikilize, mawakili tunajuana, haitachukua simu mbili.