Chipu imelala ila bodi yako iko macho: uongo kuhusu ESP32 na betri

"Hii chipu haili umeme, betri itakaa miaka." Hii ndo inanichosha kuliko zote, karibu kila anayeniletea sensa ya tenki la maji au ya shamba anaanza nayo. Datashiti ya ESP32-C6, moja ya chipu ndogo za Wi-Fi za familia ya ESP32, inasema maikroampia 7 kwenye usingizi mzito (karibu kila kitu ndani ya chipu kimezimwa), mtu anachukua betri ya lithiamu ya 18650 ya mAh 2500 anagawanya anapata miaka 40, halafu siku ya kumi kitu kimezima anasema kauziwa chipu feki. Jamani, hizo 7 ni za chipu peke yake na wewe umenunua bodi! Bodi nyingi za bei rahisi zina regyuleta (kifaa cha kushusha volti hadi 3.3 za chipu) ya AMS1117 ambayo yenyewe tu inakula kama miliampia 5 hata kama hakuna kinachofanya kazi, kuna taa ya pawa inawaka usiku na mchana, nyingine zina na chipu ya USB kama CH340 au CP2102, ukijumlisha unafika miliampia 10 bila kujua na hapo ni masaa 250 basi. Tena AMS1117 inataka volti moja na ushee juu ya ile 3.3, betri ya lithiamu ikishuka 3.7 imeshashindwa, kwa nini bado tunaiweka kwenye vitu vya betri sielewi kabisa.

Halafu zile resista mbili za kilo-omu 10 za kugawanya volti ya betri ili chipu ipime chaji, betri ikijaa zinavuta maikroampia 210, yaani mara 30 ya chipu iliyolala! Weka za mega-omu 1 na kapasita ya nanofaradi 100 kwenye pini ya kupimia.

Nawaomba sana pimeni bodi nzima, multimita ikae katikati ya waya wa betri. Wakati inawaka ruka multimita kwa kipande cha waya, maana Wi-Fi ikirusha inavuta zaidi ya miliampia 300 na ukiwa kwenye skeli ndogo bodi itajiristati tu, ikishalala toa waya usome.

Wanaosema C6 (yaani ESP32-C6, na majina mengine hapa nayafupisha hivyohivyo) ina Wi-Fi 6 kwa hiyo inashika 5 GHz, hapana, ni 2.4 tu, ya 5 GHz ni C5. Na ule uwezo wa Wi-Fi 6 wa kupangiana na ruta muda wa kuamka unataka ruta nayo iukubali, ruta ya zamani haiujui.

"Zote ni zilezile, namba tu." H2 haina Wi-Fi kabisa, ni Bluetooth, Zigbee na Thread. C3 haina kore (sehemu inayoendesha programu) ndogo ya kufanya kazi wakati kore kubwa imelala, C6 inayo ya 20 MHz na inaweza kusoma sensa ya I2C (inayoungwa kwa nyaya mbili za data) yenyewe, ikaamsha kore kubwa pale tu maji yamebadilika. Hiki ndo kitu kizuri kuliko vyote kwenye hizi mpya na watu wanainunua C6 hawakigusi!

Ikiamka inaendelea ilipoishia? Hiyo ni usingizi mwepesi. Usingizi mzito unaanza programu upya, chochote ambacho hukukiweka kwenye memori ya RTC (ile ndogo inayobaki na umeme chipu ikilala) au kwenye flashi kimepotea.

Na kupunguza kloki (kasi ya chipu) ili kuokoa betri mara nyingi hakusaidii, acha imalize haraka ilale, ukitaka kuokoa kweli ipe anwani ya IP ya kudumu isipoteze sekunde kuomba ruta kila ikiamka.