Penseli ya Chopin: Tunajuaje Kuwa Ni Mkono Wake?

Mpigaji piano anayefungua toleo la kitaalamu la nokturni (vipande tulivu vya piano) za mtunzi Frédéric Chopin hukuta nota ndogondogo juu ya mistari, ambazo hazimo katika kitabu alichojifunzia. Mhariri hakuzitunga. Nyingi zimetoka kwenye vitabu vya wanafunzi wa Chopin mjini Paris, maana alifundisha akiwa na penseli: alisahihisha makosa ya wachapaji, akaandika namba za vidole, na pengine akabadilisha pambo la wimbo, yaani nota za ziada za kuupamba, papo hapo. Nokturni ya Opus (namba ya kazi ya mtunzi) 9 namba 2 ilipata mapambo mapya mengi kwa namna hiyo.

Je, kila alama ya penseli ni yake? Hapana, na hapa ndipo kazi yetu sisi tunaochunguza nota hizi inapoanza.

Kabla ya kuuchunguza mwandiko tunafuatilia safari ya kitabu: nani alikimiliki, nani alikirithi, na nani alikitumia baadaye. Vitabu vya Jane Stirling, mwanafunzi wake kutoka Scotland, na vya Camille O'Meara, aliyekuja kuitwa Bi Dubois, vimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Lakini Bi Dubois naye alikuwa mwalimu, na aliishi miaka mingi baada ya Chopin kufariki mwaka 1849. Namba ya kidole katika kitabu chake inaweza kuwa ya Chopin, na inaweza kuwa yake mwenyewe.

Mwandiko husaidia pale palipoandikwa mfululizo mrefu wa nota, kwa kuwa tunaweza kulinganisha vichwa vya nota na mikia yake na miswada iliyothibitishwa. Alama moja pekee ni shida kubwa. Chukua Preludi (kipande kifupi cha piano) ya Opus 28 namba 20, akordi ya mwisho, yaani nota zinazopigwa pamoja, ya kipimo cha tatu. Katika mswada wa Chopin akordi hiyo inasomeka C meja. Flati, yaani alama ya kushusha nota nusu hatua, iliyoongezwa kwa penseli katika nakala ya mwanafunzi inaigeuza kuwa C maina. Mstari mdogo kiasi hicho hauwezi kumtambulisha mwandishi. Inabidi tuangalie pia tabia yake, na inajulikana kwamba Chopin alisahau alama za namna hiyo mara kwa mara. Wapigaji na wahariri hadi leo hawajakubaliana.

Ushahidi ninaouthamini zaidi ni pambo lilelile kuonekana katika vitabu vya wanafunzi wawili ambao hawakunakiliana. Kinyume chake hakithibitishi kosa: Chopin hakupiga kazi yake kwa namna moja siku zote, hivyo mapambo mawili tofauti yanaweza yote kuwa halali. Tena, mwandiko wa mwanafunzi si sababu ya kulitupa pambo. Huenda alinakili kwa uaminifu alichoonyeshwa darasani. Hilo tunaliandika wazi: mkono wa mwingine, wazo labda la Chopin.

Ukinunua toleo, soma maelezo ya mhariri uone kila badiliko limetoka kitabu cha nani. Na ukirithi nota za zamani zenye maandishi ya penseli, tafadhali usizifute wala usizipeleke kujalidiwa upya kabla hazijapigwa picha. Jina la mmiliki juu ya jalada na muhuri wa duka lililoziuza ni sehemu ya ushahidi.