Eneo sio mzingo jamani

Hili nimelisikia mara nyingi mno. Juzi tena mtu anamwelekeza mtoto hesabu ya mstatili wa sentimita 6 kwa 4, kajumlisha pande zote nne kapata 20, halafu anamwambia "eneo ni sentimita 20" na mtoto wa watu anaandika.

Haraka haraka: mzingo ni urefu wa kulizunguka umbo mpaka urudi ulikoanzia, unapimwa kwa sentimita. Eneo ni ukubwa wa ndani, linapimwa kwa sentimita za mraba, kwa sababu unahesabu miraba midogo ya upande wa sentimita 1 inayojaa humo.

Kinachoniuma ni kwamba Kiswahili chenyewe kimeshatuambia tofauti. Mzingo umetoka kwenye kuzinga, kwenda kwa kuzunguka, na hapo hapo ndo tunapata kuzingira na mazingira, yaani yale yaliyokuzunguka. Eneo limetoka kwenye kuenea, maji yakimwagika sakafuni yakaenea basi pote yalipofika ndo eneo. Hata kipenyo ni kile kinachopenya duara katikati toka ukingo hadi ukingo. (Mraba ni wa Kiarabu, shina moja na arubaini na robo, mambo ya nne nne.) Sasa neno linakutamkia kabisa kazi yake na bado tunalichanganya.

Chukua uzi wa sentimita 20, unga ncha, uvalishe vidole vinne, viwili kila mkono. Utanue uwe mraba wa 5 kwa 5, ndani una sentimita za mraba 25. Vuta mikono kidogo iwe 7 kwa 3, zimebaki 21. Vuta tena 9 kwa 1, zimebaki 9 tu, na ukiendelea mpaka nyuzi mbili zigusane ndani hamna kitu kabisa ila uzi ni ule ule, haujapungua hata kidogo.

Na kosa hili ni la zamani. Polybius, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 2 kabla ya Kristo, alilalamika kuwa watu hawaamini akiwaambia mji wa Sparta wenye mzingo wa stadia 48 (kipimo cha urefu cha Wagiriki) ni mkubwa mara mbili ya mji wa Megalopolis wenye 50.

Tena hata mzingo na eneo vyote viwili vikiwa sawa bado usiseme maumbo yanalingana, maana kulingana ni ukiyakata na kuyalaza moja juu ya lingine yafunikane. Pembetatu ya pande 20, 21 na 29 na ile ya 17, 25 na 28 zote zina mzingo 70 na eneo 210, na hazifunikani hata ugeuze vipi.

Kwa hiyo kwa yule mtoto, ile 20 abadilishe aandike mzingo. Eneo bado hajalitafuta, ni 6 mara 4, sentimita za mraba 24.